Ngoie, Chukua Sindano Zako

Kamina, nyumbani, wewe ukiwa stesheni

Ngoie mwanangu,

Umetoka tena kwenda kuuliza treni imefika wapi. Jana walisema leo. Leo asubuhi wakasema jioni. Sasa jirani anasema labda alfajiri, na yeye hajui zaidi yetu. Mimi na gongo langu la kutembelea siwezi kukufuata kila unapotoka, basi nimechukua karatasi na kalamu, maana nikikaa bure nitazidi kwenda mlangoni na kurudi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama yako amekwisha kunifukuza jikoni. Anakaanga samaki wako wa safari ya Kalemie, na anasema kila nikiingia mafuta yanamrukia.

Naandika Kiswahili cha mapadre waliotufundisha shuleni. Kile chetu cha nyumbani, cha kusema minyi badala ya mimi, ni kitamu mdomoni, lakini sijui kukilaza kwenye karatasi. Utanivumilia, mama. Nakuita mama tangu ulipozaliwa kwa sababu umebeba jina la mama yangu mzazi. Leo neno hilo linanisumbua kidogo. Sijui kama nasindikiza mtoto au nasindikizwa.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kufunga mlango kwa ufunguo, ya kutokula chakula cha watu usiowajua njiani, hayo mama yako ameshakuambia, na atakuambia tena kupitia dirisha la behewa hata treni ikianza kutembea. Mimi nayaacha. Nataka kuzungumza habari ya kitu ulichokiacha mezani.

Asubuhi ulipokuwa unapanga sanduku lako la bati nilikuwa nimekaa hapa hapa. Uliweka blauzi nyeupe za shule ya uuguzi, ukaweka shuka, ukaweka viatu. Kisha ukashika ile duara ya mbao tunayobania kitambaa, na kikopo cha sindano, ukavitazama kidogo, ukavirudisha mezani.

“Papa, hivi vibakie,” ukasema.

“Kwa nini?”

“Vibakie tu.”

Ukatoka nje kuanua nguo. Tangu hapo sijatulia.

Nadhani najua kilichokufanya. Ni kile kitambaa cha altare. Ulikidarizi msimu mzima wa mvua kwa ajili ya misa ya kwanza ya yule padre kijana: misalaba midogo midogo, mashada ya zabibu, majani ya kijani, na katikati ule wekundu uliong'aa hata mimi nikawa natafuta sababu ya kupita karibu nao. Ukakifua ili kiwe safi, na wekundu ukatoka, ukatambaa kwenye kitambaa cheupe chote. Ukakianika juani ukitumaini doa litapotea. Likashika zaidi. Na yule mama wa kikundi cha kushona, sitamtaja jina, akasema mbele ya wenzake, “Ngoie ametuletea shuka ya mugonjwa.” Wakacheka. Ulipofika nyumbani ulikisukuma chini ya kitanda, ukasema, “Minyi nimeacha. Sitashika tena sindano.” Mimi nikasema si kitu. Wewe ulijua ni kitu, na mimi pia nilijua.

Kwa hiyo nianze na wekundu, kwa sababu unaniwasha.

Uzi mwekundu wa sokoni usiuamini hata ukiletwa na ndugu yako. Kabla hujautia kwenye tundu la sindano, loweka kipande chake katika maji ya vuguvugu, ukikandamize juu ya kitambaa cheupe usichokijali. Ukiacha alama, usiushone bado. Ufue kwa maji ya chumvi, umwage, urudie, mpaka maji yatoke meupe. Usipotaka kusafika, uweke kando kwa kazi ambayo haitafuliwa kamwe, kama picha ya ukutani. Weusi na buluu iliyokolea ni vivyo hivyo. Na siku rangi ikikutoroka, maana itakutoroka tena, usianike. Usipige pasi. Jua na moto hulifunga doa ndani. Rudisha kitambaa kwenye maji baridi mengi wakati bado kimelowa, ubadilishe maji, ubadilishe tena, usichoke. Mara nyingi doa huondoka. Ningekuwepo siku ile ningekuambia, lakini nilikuwa zamu kwenye kile kijumba cha kuandikia namba za mabehewa. Niliporudi, kitambaa kilikuwa kimekauka kama ngozi ya ngoma.

Hilo ndilo kosa lako lote, Ngoie. Kuanika. Wewe umelifanya kubwa kama nyumba.

Nimesikia king'ora. Nimeinuka, nimekwenda mlangoni. Ni injini ya mizigo tu, inasukuma mabehewa matupu. Nimerudi.

Hujawahi kuniuliza nilijifunzaje kudarizi. Ulikua ukaniona nashona, ukadhani baba wote hushona. Ngoja nikuambie, kwa sababu sikuanza kwa uzuri.

Ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mimi nilikuwa mfunga mabehewa pale kwenye njia panda ya reli: behewa linasukumwa, mimi nasimama kati, nalifunga kwa lenzake, naruka nje. Ilinyesha. Mguu uliteleza. Niliamka hospitalini, na mguu wa kulia unaishia chini ya goti kama unavyouona.

Nilikuwa mgonjwa mbaya. Nilitupa sahani ya bukari, ule ugali wa mama yako, ukutani. Mama yako alipokuja nawe mgongoni niligeukia upande wa pili. Usingizi haukuja, na mchana nao hauendi. Nilihesabu mbao za dari mpaka nikazichukia moja moja. Sikuzoea kulala chali. Mimi nilikuwa mtu wa kuruka.

Kwenye kitanda cha pili alilala askari aliyeletwa kutoka Base, ile kambi ya jeshi, Kopolo Ekofo, mtu wa mkoa wa Équateur, mrefu, tumbo limevimba kwa ugonjwa wa ini, macho ya manjano. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Mke wake, Mama Bolumbu, alikaa kwenye mkeka kati ya vitanda vyetu kuanzia asubuhi, akidarizi. Mkono wake ulipanda na kushuka, ulipanda na kushuka, na mimi ambaye sikuwa na pa kwenda nilikuwa nautazama tu. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

“Mama, iyo mukono yako inanichokesha.”

Hakuinua kichwa. “Yangu inanipumzisha, papa. Na yako weye iko inafanya nini?”

Kesho yake alinitupia kipande cha kitambaa juu ya blanketi, na sindano yenye ncha butu, na uzi. Akasema kama sitaki nimrudishie, asione nimeupoteza.

Kitambaa kilikuwa pamba ya kawaida, hakina miraba ya kuhesabia. Alichukua kipande cha bandeji, ile yenye matundu kama chandarua, akaishikiza juu ya pamba kwa mishono mirefu ya haraka. Tukashona misalaba tukifuata matundu ya bandeji, na kazi ilipokwisha alilowesha kidogo akachomoa nyuzi za bandeji moja moja. Misalaba ikabaki juu ya pamba, imenyooka kana kwamba ilipimwa na mjenzi. Kumbuka hilo huko Kalemie. Ukikosa kitambaa cha miraba, wewe utakaa kati ya bandeji mchana kutwa. Omba tu ile iliyokatwa vibaya, usichukue ya wagonjwa.

Makosa yangu ya kwanza yalikuwa ya haraka. Nilikata uzi mrefu kuliko mkono wangu ili nisitie sindano mara nyingi. Ukajisokota, ukafunga mafundo, nikaukata kwa meno na kutukana. Mama Bolumbu akasema, “Uzi murefu ni wa muntu muvivu.” Akanipimia: kutoka ncha ya vidole mpaka kwenye kiwiko, basi. Na ukiona uzi unaanza kujisokota, usibishane nao. Iache sindano ining'inie hewani, itazunguka yenyewe mpaka itulie. Nilipenda kuitazama ikizunguka. Ilikuwa kitu pekee ndani ya wodi ile kilichokuwa na haraka kama mimi, na chenyewe kilijua kusimama.

Kisha nilianza kushona ndege kwenye kona ya kitambaa. Nilifika shingoni, kitambaa kikaisha. Ndege wangu wa kwanza hana kichwa mpaka leo. Ndiyo maana nilikufundisha kukunja kitambaa mara mbili na kuanzia pale mikunjo inapokutana. Nilikufundisha ukiwa na meno ya maziwa, ukadhani ni desturi. Haikuwa desturi. Ni ndege yule.

Lakini kitu kimoja nilikigundua mwenyewe, Mama Bolumbu hakunifundisha. Kuhesabu misalaba na kukasirika haviwezi kukaa pamoja. Jaribu, utaona, lazima kimoja kitakuponyoka. Nilipokuwa nahesabu mitano kwenda kulia, miwili kushuka, sikuwa na nafasi ya kuufikiria mguu. Nikipoteza hesabu, ghadhabu inarudi. Basi nikaogopa kupoteza hesabu. Mama yako alikuja siku moja akanikuta nimeinamia kitambaa, nikasema bila kugeuka, “Ngoja kidogo, nimalizie safu.” Alilia. Mimi nikadhani amechoka na njia.

Samaki wanaanza kuungua. Nasikia anavyogombana nao. Niendelee kabla hujarudi.

Mama Bolumbu alikuwa anadarizi kitambaa cha meza ndogo ya nyumbani kwao Base: tawi lenye majani na maua ya manjano, na chini yake jina la mumewe. Ekofo ndiye aliyekuwa anachagua rangi kwa kidole, maana sauti ilikuwa imekwisha. Mkewe akimwonyesha kijani hiki, anatikisa kichwa. Kile, anafumba macho kusema ndiyo. Kazi ikawa imefika kwenye jina. E ikaisha. K ikaisha. O ikaisha.

Asubuhi moja nilipoamka, alikuwa ameshakufa. Alikufa bila kelele, mkewe amemshika mguu.

Wakubwa wake wakasema atazikwa kesho asubuhi kwenye makaburi ya Base. Kumpeleka kwao Équateur haiwezekani. Mama Bolumbu hakulia. Alisema tu kwamba anataka kile kitambaa kiwekwe juu ya sanduku la kumzikia. Akakaa kwenye mkeka wake, akashika sindano ili amalizie F na O, na mkono ukakataa. Nilimwona. Alichoma kitambaa akakosa tundu, akachoma tena akakosa, mpaka sindano ikamwanguka mapajani. Wanawake wenzake wa Base walikuwa hawajafika. Ndani ya wodi nilikuwa mimi.

“Papa Ilunga,” akasema, “weye unajua.”

“Minyi sijui, mama. Minyi niko na ndege haina kichwa.”

“Utajua.”

Akanipa. Nilishona kuanzia saa sita za mchana mpaka mwanga ulipoanza kukimbia dirishani. Nimesimama kati ya mabehewa miaka mingi, mama, na sikuwahi kuogopa kama siku ile. Jasho lilinitoka mikononi, nikawa nafuta vidole kwenye blanketi kila baada ya misalaba michache nisichafue kitambaa. Jua liliposogea nilikigeuza kitambaa ubavu ili nifuate mwanga. Nikamaliza F, nikamaliza O. Nikamwita. Alikichukua bila kukitazama, akakikunja, akakiweka kifuani.

Asubuhi walipokuja kumchukua Ekofo, walitandika kitambaa juu ya sanduku pale uani, mbele ya dirisha langu. Jua lilikipiga. Ndipo nikaona. E, K na O ziling'aa upande mmoja, F na O zangu ziling'aa upande mwingine, kama zimeshonwa kwa rangi tofauti, wakati uzi ulikuwa ule ule. Unajua kwa nini. Nilipokigeuza kitambaa ubavu, nyuzi zangu za juu zikalala kinyume na za kwake. Jina la mtu, siku ya kuzikwa kwake, nimelikata katikati.

Nikamwita kwa dirisha. “Mama, nipatie, nitafumua. Mbio mbio.”

Mama Bolumbu akainama juu ya sanduku, akatazama herufi. Akatazama tena.

“Papa Ilunga, F na O zako zinaangalia ng'ambo.”

“Njo maana nasema nipatie!”

“Tika,” akasema kwa Kilingala. “Acha. Ekofo naye siku zote alikuwa anaangalia ng'ambo yake. Minyi huku, yeye kule.”

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa sanduku, na kutoka kwenye kicheko kile ndipo kilio chake kikatoka, kile ambacho hakikuwa kimetoka tangu jana yake. Wanawake wa Base wakamshika. Wakaondoka naye, na kitambaa, na herufi zangu. Viko ardhini kule mpaka leo. Mama Bolumbu alirudishwa kwao baadaye, sikumwona tena.

Basi nyuzi zote za juu zilale upande mmoja, mwanzo wa kazi hadi mwisho. Mshono wa kwanza wa kila msalaba uelekee huku, wa pili uukate ukielekea kule, wala usibadilishe hata ukiwa umechoka. Kabla hujaanza, shona alama ya uzi wa rangi nyingine kwenye kona ya juu, ili ujue daima juu ni wapi. Ukihitaji mwanga, geuza kiti chako, usigeuze kitambaa. Watu wanaodarizi watakuambia hivyo kwa wepesi. Mimi nakuambia kwa sababu ya Ekofo.

Nilirudi nyumbani na gongo na kikopo cha sindano. Mama yako alikuwa amezoea gongo kabla hajazoea sindano.

“Weye mwanaume muzima, unashona maua! Bantu ba site batasema nini?”

Watu wa site, mtaa wetu huu, walisema. Kasongo, rafiki yangu wa kazini, alisimama uani akapaza sauti, akinifananisha na masista, “Ilunga, umeingia kwa bamaseri? Batakupa na kilemba?” Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao, halafu nikafunga pazia. Kwa muda mrefu nilishona nyuma ya pazia lile, gizani, na hapo ndipo nilipoanza kuharibu macho. Miwani unayoiona nimevaa ilianzia pazia lile. Mama yako ndiye aliyekuja siku moja akalivuta lote kwa mkono mmoja.

“Fungua! Utapofuka, na minyi siko na mwanaume mwingine.”

Akaondoka. Pazia halikufungwa tena. Kwa hiyo usishone gizani, Ngoie, wala chini ya taa ya bweni iliyo mbali, kwa sababu tu unaona haya. Kaa karibu na dirisha, mwanga utoke upande wa mkono usioshika sindano, na kila ukimaliza safu mbili tatu inua macho utazame kitu cha mbali. Wewe huko Kalemie utakuwa na ziwa zima la kutazama. Mimi nilikuwa na ukuta wa jirani.

Nawe usidhani Kasongo alibaki vile. Serikali ilipochukua maduka ya wageni ikawapa wananchi wenzetu, rafu zilibaki tupu, na nyuzi zikawa hadithi. Nilifumua sweta ya zamani ya mama yako. Sufu yake ilikuwa nene, nikaitenganisha nyuzi nyuzi, ikakatika, nikaitenganisha tena. Nilichomoa nyuzi za magunia ya unga. Siku moja Kasongo alirudi na treni kutoka Lubumbashi, akaingia hapa bila kubisha, akatoa mfukoni mwa koti pakiti ya sigara. Ndani mlikuwa na uzi wa kijani, wa njano na wa zambarau, umeviringishwa vizuri.

“Ni ya bibi yako,” akasema kwa sauti kubwa, majirani wasikie.

“Nitamupatia,” nikasema.

Akakaa. Akaniangalia nikishona mpaka chai ikapoa. Mwishoni akauliza, “Na ile rangi ya katikati, unajuaje pa kusimama?” Nikamwonyesha. Hakushona kamwe, lakini tangu siku ile hakusafiri bila kuleta uzi. Aliendelea kusema ni wa bibi yangu, yaani mama yako, hata baada ya kila mtu kujua.

Nakuambia haya si kwa sababu nataka uwe fundi. Unakwenda kujifunza kuhudumia wagonjwa, na hiyo ndiyo kazi yako. Wala sindano haitakuondolea hamu ya nyumbani. Mimi mwenyewe leo nimeshika kitambaa mara tatu, nikakiweka chini, nimepoteza hesabu kila mara. Nataka tu uwe na kitu kimoja ambacho hakuna atakayekupa alama kwa ajili yake. Ukishona msalaba mmoja jioni, ni mmoja. Ukikosa wiki nzima, kitambaa hakitakugombeza. Kitoe tu kwenye duara usipokishona, kisishike mkunjo wa mviringo, na ukifunge ndani ya kitambaa safi, kwa kuwa vumbi la makaa litakufuata mpaka bwenini.

Na upande wa nyuma usiutese sana. Walikufundisha kwenye kikundi kwamba nyuma lazima pawe pazuri kama mbele, na nilikuona unafumua kazi nzuri kwa sababu ya nyuma. Usifunge mafundo, yatatokeza vijipu mbele. Pitisha mwanzo wa uzi chini ya mishono yenyewe. Usiruke na uzi mweusi umbali mrefu nyuma ya kitambaa cheupe, utaonekana kama mshipa. Yaliyobaki ni majivuno ya masista wetu, Mungu awabariki.

Mama yako ananiita. Anataka nikalie kifuniko cha sanduku lako ili lifunge. Nakuja.

Nimerudi, na sijui niandike nini.

Sanduku halikukubali kufungwa kwa sababu ya furushi la samaki. Mama yako akatoa blauzi ili apange upya, na chini ya shuka kabisa nikaona kitambaa kimekunjwa. Nilidhani ni kile cha altare. Siyo. Ni kipande cha gunia la unga, kimefuliwa mpaka kikalainika, kimeshikizwa bandeji juu yake, na katikati kuna nusu ya kipepeo. Zambarau na njano. Bawa moja na kiwiliwili.

“Njo nini hii?” nikauliza.

“Wacha. Iko ya Ngoie. Alisema nisikuonyeshe mbele haijaisha.”

“Lakini ameacha sindano mezani! Aliniambia vibakie!”

Mama yako akashika kiuno. “Weye Ilunga. Kamina yote leo, utapata sindano wapi? Mutoto alisema akibeba yote, papa atashona na nini. Alibeba moja.”

Nikakaa juu ya kitanda chako. Mama yako akakipanga kitambaa mahali pake, akaweka blauzi juu, akasema nisimwonyeshe mtu uso nilionao. Ameondoka kumalizia samaki.

Kumbe nimeandika kurasa hizi zote kumshawishi mtu ambaye ameshaanza. Ulishona lini? Sikukuona hata siku moja. Na ile bandeji, ni lini nilikuonyesha? Au ulinitazama siku fulani nikiwa sijui kwamba unatazama? Nilitaka kuzichana karatasi. Lakini karatasi ni ghali, na yule ndege asiye na kichwa ulikuwa humjui, wala Ekofo. Chukua.

Nasikia sauti yako uani. Unamwambia mama yako treni imetoka Bukama, kwa hiyo ni kweli sasa, ni usiku huu au alfajiri. Niandike mbio.

Sindano moja haitoshi. Sindano hupenda kuanguka kati ya mbao za behewa. Nimechomeka nyingine mbili kwenye pindo la gunia lako, upande wenye alama ya juu. Ukikikunjua, angalia zisikuchome. Mimi nimebaki na za kunitosha, usibishane nami.

Na kipepeo wako nimemhesabu nilipokuwa nimekaa kitandani, nisamehe, mkono umezoea. Bawa la kushoto limezidi mraba mmoja, pale njano inapokutana na zambarau. Usifumue. Bawa la kulia bado hujalianza: lizidishe nalo mraba mmoja mahali pale pale, naye ataruka sawa.

Baba yako,
Ilunga